Redio za kidijitali kwa wasioona na wenye uoni hafifu: tuelezane zipi zinatumika na zipi zinatutesa

#1 Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi sioni kabisa. Redio ndiyo gazeti langu, ndiyo saa yangu, na usiku usingizi ukigoma ndiyo mwenzangu. Naleta uzi huu kwa sababu ndugu wa watu wasioona wananiuliza kila mara: "Tunataka kumpatia mzee redio ya kidijitali, tuchukue ipi?" Jibu lake haliishii kwenye jina la redio, na nimechoka kulitoa nusunusu. Leo naliweka lote hapa, na nyie mnaojua zaidi mniongezee.

Redio yangu ya kwanza ilikuwa ya mshale. Ubavuni ilikuwa na magurudumu mawili, la juu la sauti, la chini la kutafutia stesheni. Mshale wenyewe sikuwahi kuuona wala sikuwa na haja nao. Nilikuwa nazungusha gurudumu mpaka ligome, kisha narudi taratibu kwa kidole gumba. Mikwaruzo, mikwaruzo, halafu sauti ya mtu inajitokeza kama anayekuja kutoka mbali, inakolea, inakaa sawa. Stesheni ya habari ilikuwa karibu na mwanzo. Ya muziki ilikuwa nusu ya safari. Ya mpira ilikuwa mwisho kabisa: gonga ukuta, rudi kidogo tu, umefika. Kila stesheni ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo mkono wangu ulikuwa unapajua.

Baadaye nikapewa zawadi ya redio ya kidijitali, ya kupokea hewani na kwa intaneti. Sauti safi, hilo nalisema kwa haki kabisa. Tabu ilianza pale pa kuwasha. Redio hizi nyingi zinahitaji sekunde kadhaa kujiandaa kabla ya kutoa sauti. Anayeona anasoma maandishi kwenye kioo, anajua inawaka. Mimi nabonyeza, nasikia kimya, nadhani sikubonyeza vizuri, nabonyeza tena. Kumbe nimeizima. Wiki nzima ya kwanza asubuhi zangu zilianza hivyo. Mlio mmoja mdogo wa kuniambia "nimewaka, subiri" ungemaliza tabu yote.

Halafu swichi yake ya kuzungusha haina mwisho. Inazunguka tik, tik, tik, kulia utazunguka mpaka kesho, kushoto vilevile. Haigomi popote. Hakuna pa kuanzia kuhesabu.

Nikafanya tunachofanya wote: nikakariri. Bonyeza menyu, tik tatu kulia, bonyeza, uko kwenye orodha ya stesheni. Nilikariri njia sita za namna hiyo na nikaishi nazo miezi mingi bila shida. Usiku mmoja redio ikajisasisha yenyewe kwa intaneti. Sikujua. Waliotengeneza walikuwa wameongeza kitu kimoja juu kwenye menyu, kimoja tu, na kila kilichokuwa chini kikashuka hatua. Asubuhi nikabonyeza menyu, tik tatu, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena nikidhani haijasikia. Ile ya kwanza ilikuwa imeingia kwenye "rudisha mipangilio ya kiwandani", na ya pili ilikuwa "ndiyo, nina hakika".

Ikafuta kila kitu: stesheni nilizohifadhi, nywila ya Wi-Fi, vyote. Kuiingiza nywila upya ilitaka kuchagua herufi moja moja kwenye kioo. Nikakaa siku mbili bila redio mpaka alipopatikana mtu mwenye macho na nafasi.

Tangu hapo nina kipimo kimoja tu. Redio inayomfaa asiyeona ni ile inayomjulisha iko wapi kila wakati. Iseme kwa sauti, au ilie mlio, au kitufe chenyewe kimwambie kwa kidole. Ikikaa kimya juu ya hali yake hata mara moja, hapo ndipo mtu anapopotea. Mengine yote, umbo, rangi, idadi ya stesheni, yanakuja baada ya hilo.

Karibuni.

#2 Fundi Waya

Pole sana mkuu. Mimi ni fundi redio, nina macho mawili mazima, na nakiri hilo la kuwasha na kimya sijawahi kulifikiria, pamoja na redio zote zilizopita mezani kwangu.

Niongeze sababu ya kiufundi, maana hilo ulilosema la stesheni kuwa na "mahali pake" lina ukweli mkubwa ndani yake. Kwenye FM kila stesheni ina masafa yake, na gurudumu lako lilikuwa linatembea kwenye masafa kwelikweli. Kwenye DAB, yaani redio ya kidijitali ya kupokea hewani, mambo ni tofauti. Stesheni nyingi zinafungwa kwenye furushi moja lenye upana wa megahezi 1.536, na mafurushi hayo yanarushwa kati ya megahezi 174 na 240. Redio inapokea furushi zima, inalichambua, inakupangia majina ya vilivyomo. Kwa hiyo ukizungusha ile swichi hutembei kwenye masafa, unatembea kwenye orodha ya majina. Ikitokea stesheni mpya ikaingia hewani, na orodha imepangwa kialfabeti, zote zilizo chini yake zinasogea. Aliyekuwa anahesabu tik amepotea bila hata redio kusasishwa.

Na majina yenyewe ni maandishi. Jina la stesheni kwenye DAB lina nafasi ya herufi 16. Chini yake yanapita maandishi ya hadi herufi 128 kwa mkupuo: wimbo unaopigwa, jina la mgeni, namba ya kupiga studio. FM yenye RDS, ule mfumo wa kutuma maandishi pamoja na sauti, nayo ina kitu hicho, herufi 8 za jina na 64 za maandishi, lakini kule ilikuwa nyongeza. Huku kwenye DAB bila jina huna njia ya kuchagua stesheni.

Ndiyo maana redio "inayosema" siyo moja. Kuna zinazotumia sauti iliyorekodiwa: mtu amesema "moja", "mbili", "FM", "sauti", na redio inaunganisha vipande. Hiyo inatosha kabisa kwa AM na FM, kwa sababu cha kutaja ni namba. Sangean PR-D17 ni ya namna hiyo, ya AM na FM, iliyoundwa kwa kuwafikiria wenye matatizo ya kuona, inataja masafa kwa sauti. Kwa DAB inabidi redio iweze kutamka jina lolote litakaloletwa na mawimbi, hata la stesheni iliyoanza jana. Kampuni ya Pure ya Uingereza ilishatoa redio ya DAB inayosema miaka ya 2000, Sonus-1XT. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba haiwezekani. Iliwezekana wakati chipu zilikuwa na nguvu ndogo sana kuliko za leo.

#3 Kitindamimba

Shikamoo mleta uzi, kama nimekusoma vizuri wewe ni wa umri wa baba yangu.

Mimi nipo kwa ajili ya mama. Yeye siyo kipofu, ana glakoma. Anaona katikati kama anayechungulia kwenye bomba, pembeni hakuna kitu. Kila mtu anamwambia "si unaona, soma hapo". Redio yake ina maandishi ya bluu iliyokolea juu ya weusi, madogo kama ya nyuma ya pakiti ya dawa. Anaibeba mpaka puani, anaanza kutafuta maandishi yako wapi kwenye kioo, na akishayapata taa ya kioo inazima. Sekunde kumi tu. Anabonyeza kitufe ili taa irudi, na kile kitufe kinabadilisha stesheni. Nimemwona akiiweka mezani taratibu na kusema basi.

Kwa watu kama mama mnashauri nini? Inayosema au yenye kioo kikubwa?

#4 Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Marahaba mwanangu.

Zote mbili, kama zinapatikana kwenye redio moja. Wenye uoni hafifu tunawasahau sana kwenye mazungumzo haya, hata sisi wenyewe tusioona kabisa. Glakoma inakula pembeni, ugonjwa wa makyula unakula katikati, mwingine mwanga unamchoma, mwingine bila mwanga mkali haoni. Kioo kimoja hakiwezi kuwafaa wote. Kinachohitajika ni kioo kinachobadilika: maandishi makubwa, jina la stesheni peke yake bila mapambo, meupe au ya njano juu ya weusi na uwezo wa kugeuza, na taa inayokubali kubaki inawaka. Hilo la taa nenda kalitafute kwenye menyu ya redio yake leo hii, redio nyingi zinalo ila limefichwa kwenye mipangilio ya mwanga.

Na sauti imsaidie macho yakichoka. Jioni siyo sawa na asubuhi kwa mtu wa glakoma.

#5 Mpita Njia 77

Naomba kuuliza bila ubaya. Simu zote siku hizi zinasoma skrini. Kuna na hizi spika za kuongea nazo, unasema tu "niwekee stesheni fulani". Kwa nini tusumbuke na redio?

#6 Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Swali zuri na sijaona ubaya wowote.

Simu ninayo na naipenda. Kisoma skrini cha VoiceOver kilipoingia kwenye iPhone mwaka 2009, na cha TalkBack kwenye Android mwaka huohuo, maisha yetu yalibadilika. Nasikilizia stesheni za mbali kwenye simu. Lakini angalia kinachotokea nikifanya hivyo kutwa nzima. Data inakwenda. Betri inakwenda, na simu hiyohiyo ndiyo ninayoitegemea kunisomea noti na kunielekeza njia. Mtu akipiga, kipindi kinakatika. Na siku umeme umekatika eneo zima, minara ya simu imelemewa au imezimika, siku ambayo tangazo la hatari linahitajika kuliko siku zote, simu haina cha kunipa. Redio ya kupokea hewani yenye betri inaendelea.

Spika za kuongea nazo zimesaidia wengi, hasa wazee ambao vidole vimepoteza hisia kwa sababu ya kisukari. Tangu Amazon ilipotoa Echo mwaka 2014 nimesikia watu wasiopungua kumi wakiniambia wamezaliwa upya. Sibishi nao. Ila nazo zinategemea intaneti, lugha zinazoelewa ni chache, na stesheni yenye jina linalofanana na wimbo utaitafuta mpaka ukate tamaa, kila ukiitaja unachezewa wimbo.

Kuna jambo jingine la vifaa vya intaneti ambalo watu hawalijui mpaka liwakute. Redio ya intaneti haibebi stesheni ndani yake, inaomba orodha kutoka kwenye huduma fulani iliyo mbali. Huduma ikifungwa, redio inabaki jiwe. Huduma moja ya namna hiyo, Reciva, ilifungwa mwaka 2021, na redio zilizokuwa zinaitegemea zikapoteza orodha zake. Mwenye macho anatafuta njia za kuzunguka. Asiyeona aliyekariri kila kitu anarudi sifuri.

Kwa hiyo mimi nasema tuwe na vyote. Simu isitumike kama sababu ya kuacha redio iwe bubu.

#7 Mzee wa Mita Bendi

Nimefuata uzi huu tangu jana. Nami macho yangu yamebaki kivuli tu.

Vijana mjue kwamba haki hii ya redio kwa wasioona siyo ombi la juzi. Uingereza mwaka 1926 ilitunga sheria ya kuwaondolea wasioona ada ya leseni ya redio. Aliyeisukuma bungeni alikuwa Kapteni Ian Fraser, mwanajeshi aliyepofuka kwenye vita vya Somme mwaka 1916. Yeye huyohuyo alikuwa nyuma ya mfuko wa British Wireless for the Blind Fund wa kuwapatia wasioona redio, na Krismasi ya mwaka 1929 Winston Churchill alizungumza hewani kuuchangishia. Redio ilikuwa bado changa kabisa, na tayari watu walishaona kwamba asiyeona anaihitaji kuliko jirani yake.

Marekani nao, mwaka 1969, jimbo la Minnesota lilianzisha huduma ya kuwasomea wasioona vitabu na magazeti kwa redio. Ilirushwa ikiwa imefichwa ndani ya mawimbi ya FM ya kawaida, na msikilizaji alipewa redio maalumu iliyofungwa kwenye huduma hiyo moja. Hakuna kutafuta stesheni. Unawasha, unasomewa. Mimi nikifikiria redio nyepesi kutumia kwa asiyeona, naifikiria ile.

Sasa sikilizeni linalonitia wasiwasi. Zamani redio ya kidijitali ikikushinda ulirudi kwenye FM. Norway ilizima FM kwa stesheni zake za taifa mwaka 2017, nchi ya kwanza duniani. Uswisi, shirika la utangazaji la umma lilizima FM mwisho wa mwaka 2024. Nchi nyingine huenda zikafuata. Pale FM inapozimwa, mtu mwenye redio ya kidijitali isiyosema amefungiwa mlango, maana hana tena pa kurudi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, unazungumzia ufikivu wa habari na mawasiliano kwa maneno ya wazi. Hayo ya kuzima FM yangepaswa kujadiliwa na ibara hiyo ikiwa mezani.

#8 Fundi Waya

Mzee shikamoo. Hiyo ya Minnesota sikuijua, asante.

#9 Jukwaa la Mzunguko

Mimi nataka kugusia jambo moja ambalo naona limerukwa: kuchelewa.

Naenda uwanjani na kaka yangu asiyeona. Zamani alikuwa anavaa spika za masikioni, redio ndogo ya FM mfukoni, na mtangazaji anamwambia kinachotokea mbele yake palepale. "Anaingia ndani ya kumi na nane, anapiga..." na uwanja unalipuka pamoja naye. Alikuwa ndani ya mchezo.

Tulipojaribu redio ya kidijitali, sauti ilikuja imechelewa sekunde kadhaa. Uwanja mzima unasimama, watu wanakumbatiana, yeye mtangazaji wake bado anamwambia mpira uko katikati. Ananishika mkono: "Nini? Nani?" Namwambia goli. Halafu sekunde chache baadaye anasikilizishwa goli ambalo ameshaambiwa. Alivua zile spika akazikunja akaziweka mfukoni, mechi nzima nikamtangazia mimi.

Fundi, hili halina dawa?

#10 Fundi Waya

Kwa DAB hapana, kuchelewa kumo ndani ya mfumo wenyewe. Sauti inasimbwa, inachanganywa na kupangwa upya ili makosa ya njiani yaweze kusahihishwa, kisha redio inaifumbua. Kila hatua inakula muda wake, na kwa intaneti muda unakuwa mkubwa zaidi. Hata ile milio ya "pi pi" ya saa kamili inafika imechelewa, kwa hiyo mtu asiyeona aliyezoea kurekebisha saa kwa redio asitegemee za kidijitali.

Uwanjani suluhisho ni uwanja wenyewe kuwa na kirushio kidogo cha FM kwa ajili ya mtangazaji wa wasioona, kinachosikika humo uwanjani tu. Viwanja kadhaa duniani vinafanya hivyo. Kwa hiyo kaka yako aitunze ile redio ndogo ya FM.

#11 Mwandishi wa Kodi

Nafanya kazi ya programu na natumia NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, kila siku, kwa hiyo niongee kuhusu sauti.

Redio zinazosema karibu zote zinasema Kiingereza na lugha nyingine chache za Ulaya. Ukiipa sauti ya Kiingereza jina la kipindi la Kiswahili inalikatakata, inaweka mkazo mahali pasipo, inameza irabu za mwisho. Msikilizaji anabaki kukisia. Anayejua anakisia vizuri, mzee aliyepata upofu ukubwani anaona redio inamsemesha kigeni.

Na hapa nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu Kiswahili ni katika lugha rahisi kabisa kuifundisha mashine kuisoma. Tunaandika tunavyotamka. Herufi a ni a popote uiweke. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiondoa maneno machache. Huhitaji kamusi kubwa ya matamshi, kanuni zinaingia kwenye nafasi ndogo mno. Injini ya eSpeak NG, ambayo ni ya chanzo huria na inakuja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili tayari. Inasikika kama chuma, ndiyo, lakini inaeleweka, na ni nyepesi kiasi cha kuingia kwenye kifaa kidogo. Mtengenezaji wa redio akiacha tu nafasi ya kubadilisha sauti, kazi iliyobaki wengine wataifanya.

Kuna na kasi. Sisi tuliozoea visoma skrini tunasikiliza haraka mara mbili ya mazungumzo ya kawaida. Nikizungusha swichi kupita stesheni ishirini, sauti inatakiwa ijikate palepale ninaposogea na kuanza kusoma jina jipya. Nimeshika redio moja iliyokuwa inasoma kila jina mpaka mwisho kabla ya kukubali hatua nyingine. Stesheni ishirini, majina ishirini, nimesimama nasubiri kama niko kwenye foleni.

#12 Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Mwandishi wa Kodi umenigusa. Hilo la sauti kujikata wasioona wote wataelewa, wenye macho ndio itabidi walisome mara mbili.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo, kwa wale wanaotaka kwenda kuchagua redio. Nendeni na mtu mwenyewe atakayeitumia. Akikosekana, fumbeni macho nyie wenyewe na muishike.

Kwanza waulize: sauti ya kusoma inawashwaje? Redio nyingi zinazojisifu kwamba zinasema zinakuja sauti ikiwa imezimwa, na kuiwasha unatakiwa uingie kwenye menyu ambayo huwezi kuisoma mpaka sauti iwashwe. Inayofaa ni ile inayosema tangu inatoka kwenye boksi, au inayowashwa sauti kwa kushikilia kitufe kimoja. Mimi hilo peke yake linatosha kunifanya niirudishe redio mezani.

Halafu ondoa mikono yako kwenye redio, irudishe, na utafute kitufe cha kuwasha. Umekipata kwa mara moja? Vitufe vimetengana, au ni bapa moja laini ambalo kidole kinateleza bila kujua kimepita nini? Vitufe vya kugusa visivyobonyea ni vibaya kuliko vyote, maana ukitafuta tu umeshabonyeza. Mkono wetu hautazami kabla ya kushika, mkono wetu hutazama kwa kushika.

Stesheni za kuhifadhi ziwe na vitufe vyake, kimoja stesheni moja. Redio yenye kitufe kimoja cha stesheni zilizohifadhiwa halafu unazungusha kutafuta, hiyo imekurudisha kwenye menyu kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo stesheni zinapopata tena mahali pake. Kitufe cha kwanza habari, cha pili muziki, na orodha isogee inavyotaka, kitufe changu kiko palepale.

Sikiliza mwisho wa orodha. Ukifika mwisho redio ifanye kitu, ilie au igome. Sauti ya kusoma iwe na kiwango chake tofauti na cha kipindi, vinginevyo usiku ukipunguza muziki nayo inapotea. Betri ikikaribia kwisha iseme mapema, siyo kuwasha taa nyekundu. Na tundu la chaji liwe la Type-C linaloingia upande wowote. Matundu ya zamani yenye upande mmoja tumeyavunja mengi kwa kulazimisha gizani.

Kama redio inajisasisha kwa intaneti, tafuta pa kuzuia isijisasishe bila ruhusa. Sababu yangu mnaijua.

#13 Mpita Njia 77

Nimejifunza. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kushindwa hata kujua kama redio imewaka. Asante mleta uzi.

#14 Kitindamimba

Nimerudi na mrejesho.

Ile ya taa nimeikuta, ilikuwa ndani ya mipangilio, nimeiweka iwake daima. Maandishi hayakuweza kukuzwa, bado madogo. Redio ya mama ina vitufe vitano vya kuhifadhi stesheni mbele, bapa, vyote sawa. Nikachukua rangi ya kucha nikadondoshea tone juu ya kila kimoja, likakauka likawa kama kipele. Nikamwambia mama sasa utavisikia kwa kidole. Amepapasa, akaniambia: "Mwanangu, zamani vilikuwa laini vyote, sasa vina vipele vyote. Nitajua kipi ni kipi?"

Sijui nifanyeje.

#15 Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Mama yuko sahihi kabisa.

Vikwangue vyote isipokuwa cha katikati. Kishike kile kitufe cha 5 kwenye simu za vitufe, utakuta kina nukta, na vingine havina. Kidole kikitua kwenye namba 3 yenye kipele, 2 iko kushoto kwake, 4 iko kulia, 1 na 5 ziko pembeni. Alama moja inatosha vitufe vitano. Na tone jingine liweke kwenye kitufe cha kuwasha peke yake, ila lifanye refu kama mstari, lisifanane na hilo.

Stesheni anayoipenda kuliko zote ihifadhi kwenye 3.

#16 Kitindamimba

Nimefanya jana jioni. Alikaa nayo mapajani kama dakika ishirini, anatua kwenye 3, anakwenda kushoto, anarudi.

Mama huwa ananiita alfajiri nikamwekee kipindi cha dini. Leo sikuitwa. Nimeamka saa moja nikakuta kipindi kimeshafika mwisho, na yeye yuko kwenye 4, ambako sikuwa nimemhifadhia kitu. Amejitafutia stesheni mwenyewe, amehifadhi mwenyewe, na hajaniambia alivyofanya.